Viti vya Paradizo

Mpendwa Baba,

Unakumbuka zile Jumapili za Lubumbashi, kabla hatujahamia Pweto, kule tulikokuzika? Baada ya misa ulinipeleka teatre. Tulipanda ngazi mpaka viti vya juu kabisa, ukanikalisha pale na karanga zangu.

"Huku njo paradizo, mutoto wangu. Batoto bazuri njo banakaa huku. Usishuke mpaka nikuye kukukamata."

Kisha ulishuka. Nilitazama mchezo peke yangu, nikijiona mutoto aliyechaguliwa. Njiani ulinifundisha: "Mama akiuliza, sema tulikaa paradizo." Mama aliuliza kila mara, nami nilijibu hivyohivyo.

Mwezi uliopita, kule Mantapala, kambini kwetu wakimbizi, tulikuwa tunapanga mabenchi ya mchezo wa kanisa. Mzee Kabamba, aliyewahi kukata tikiti mlangoni mwa teatre kule Congo, akasema vijana wakae nyuma, "kule paradizo". Nilishtuka. Nikamuuliza jina hilo limetoka wapi.

"Ni la Wafaransa," akasema. "Viti vya juu viko karibu na dari, na dari zao walizichora mawingu na malaika. Lakini ni viti vya bamaskini. Bengine banaviita nyumba ya kuku."

"Na mutu mwenye suti nzuri?"

"Ule anakaa chini, karibu na jukwaa. Na hakai peke yake!" Akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka koti lako, Baba, lilivyonukia poda ulipokuja kunichukua. Mama hakuwa na poda.

Juzi nilimfuata Mama huko Kashikishi, kando ya ziwa, anakoishi na kuanika samaki. Nikamwambia, "Mama, Baba hakukaa na mimi hata siku moja."

Hakuacha kugeuza samaki. "Najua. Nilikutuma naye ili aone haya. Kumbe wewe njo ulijifunza kudanganya."

Nililia, Baba. Siku zile za teatre nilikuwa na miaka minane tu.

"Alikuwa nani?"

"Usiniulize."

Alijibu haraka mno. Sasa nashuku kwamba ninamjua huyo mwanamke. Pengine tulivuka mpaka naye. Pengine ninamsalimia kila asubuhi kisimani, naye ananiitikia vizuri. Nawatazama wamama wa rika lake, mmoja mmoja, na wewe ndiye uliyenifanya hivi.

Leo ningali kwa Mama. Ameomba padri akusomee misa leo. Ameniita mlangoni mara mbili, amevaa kitenge chake kipya. Sikutoka. Ameenda peke yake.

Pumzika, Baba, kama unaweza.

Binti yako wa kwanza