Kinu Kimekatazwa Alfajiri, Ninunue Mashine Gani ya Kahawa?

Mpendwa Mshauri,

Mzee Dagane, mkuu wa mtaa wetu hapa Garissa, alisimama mlangoni kwangu Jumanne asubuhi akasema koplo wa doria ameamuru nisitwange tena kahawa kabla muda wa amri ya kutotoka nje haujaisha saa kumi na mbili asubuhi, na nikitwanga watakuja kukichukua kinu pamoja na mwenye nyumba. Naomba msaada wako kwa sababu tangu siku hiyo sijapata usingizi, si kwa woga bali kwa hasira, maana kahawa sitaki kuiacha na mume wangu sitaki achukuliwe, na katikati ya mambo hayo mawili kuna mashine tatu za kusagia kahawa katika duka la Korane ambazo sijui ipi ni ya kununua na ipi ni ya kunilia pesa zangu bure.

Ua wetu una nyumba nne ndani ya uzio mmoja wa miiba, na tangu nilipoolewa na Keinan kahawa ya alfajiri hupikwa kwangu. Mama mkwe wangu, Abshiro, ambaye nami humwita hooyo, yaani mama, kama mwanawe anavyomwita, hukaanga buni kwenye samli, wanawake wa ua wakafika, kila mmoja akachukua punje chache za kutafuna na samli kidogo ya kujipaka usoni, kisha mimi nikatwanga zilizobaki pamoja na tangawizi na iliki, tukapika, tukanywa, na kabla mtu hajainuka hooyo akaomba dua. Zamani dua ilikuwa ya kila kitu, mvua, watoto, ngamia, binti wa fulani aolewe. Sasa ni ya Nunow peke yake. Nunow ni mdogo wa Keinan, alitoka na ngamia mwaka jana kuelekea Diff, njiani akachukuliwa na watu wenye bunduki, na msafiri aliyetuletea habari hakuweza kusema kama walikuwa wa serikali au wa msituni, na mpaka leo hakuna wa upande wowote aliyekubali kwamba anamjua.

Kwa hiyo usidhani nalilia kinywaji. Jioni ya Jumanne hiyo Keinan alituambia, "Kunyweni chai. Chai haitwangwi, na hakuna aliyefungwa kwa chai." Hooyo alikuwa anachambua buni, hakuinua hata uso, akamjibu, "Chai ni ya matanga. Nani amekufa hapa?" Keinan akatoka nje, na mimi nikajua ya kwamba siku tutakapoacha kahawa ya alfajiri ndiyo siku tutakayokuwa tumemzika Nunow bila kuona maiti.

Nikurudishe kwa Mzee Dagane, kwa sababu watu wanasema nilimkosea adabu na ninataka uamue. Alisema, "Batula, binti yangu, koplo anasema mtu anayetwanga gizani anapiga ishara."

Nikamwuliza, "Ishara ya nini, mzee?"

"Ya watu wa msituni."

"Mwambie ishara yangu inasema kahawa iko tayari. Aje na kikombe chake."

"Wallahi, usinipe maneno ya kupeleka kule. Mimi nina watoto."

Jirani yangu Fatumo, aliyekuwa nyuma ya ukuta na ambaye hajawahi kuwa nyuma ya ukuta akanyamaza, akapaza sauti, "Mwambie aje na sukari pia, ya huku imepanda!" Mzee akaondoka akitikisa kichwa, na Keinan aliposikia habari hiyo alikwenda kula kwa hooyo siku nzima ya kesho yake.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Korane, kwa sababu nilisikia ana mashine za mkono zinazosaga bila kelele. Alinipa moja ya kujaribu, ya kisanduku cha mbao, ina mpini juu na kidroo chini. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote, buni ikakaangwa kwenye samli, nikaitia pamoja na tangawizi na iliki, nikazungusha, ikazunguka kidogo kisha ikagoma kabisa, na nilipovuta kidroo nikakuta tope jeusi badala ya unga. Nikamrudishia Korane nikiwa nimeikumbatia mbele ya watu. Akacheka, akasema, "Walaal, dada yangu, hizi ni mashine za watu wa Nairobi. Wanawake wetu mikono yao ni ya kinu." Nikamwambia, "Na ulimi wako ni wa kinu, unatwanga usichokijua." Lakini moyoni sikuwa na hakika, kwa sababu mashine kweli ilikuwa imegoma.

Sasa anasema ninunue ile ya pili, ya chuma kitupu, nzito, inayofungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza, bei yake karibu mara mbili ya kisanduku, na anasema hiyo inasaga hata mahindi. Ya tatu ni ya umeme, ina visu ndani, aliiagiza kwa ajili ya ofisa mmoja ambaye alihamishwa kabla haijafika, na anataka kunipunguzia. Nilimwuliza umeme nitautoa wapi, akasema, "Utakuja, walaal, nchi imepata uhuru."

Na hata nikipata mashine nzuri, hooyo haitaki. Anasema Nunow akirudi atakisikia kinu chetu kabla hajaiona nyumba, kwa sababu alizaliwa kwa sauti hiyo na anaijua kama anavyojua kengele za ngamia wake. "Hiyo mashine yako inakohoa tu," aliniambia. "Nani atarudi nyumbani kwa kikohozi?" Na nilipotafakari niliona kwamba nikinunua kitu cha kusaga kimyakimya nitakuwa nimemtii koplo, na mimi sijawahi kuwa na nia ya kumtii mtu anayekiogopa kinu.

Niambie basi, mashine gani, au nisinunue kabisa na niendelee kutwanga, liwalo na liwe? Kiswahili nilikijua Isiolo nilikokulia, kama nimekosea nisahihishe, lakini usiandike jina langu la kweli. Tumia Batula. Na ya wengine wote nimeyabadilisha.

Batula,
Garissa

MSHAURI ANAJIBU

Batula,

Mashine ya Korane haikuharibika na mikono yako haina kasoro. Uliilisha samli. Mashine ya aina hiyo ina meno mawili ya chuma, moja limetulia na jingine linazunguka, na kahawa husagwa katika mwanya mwembamba uliopo kati yake. Mwanya huo unataka punje kavu. Ukitia punje yenye mafuta, unga unashikamana, meno yanaziba, na mpini unagoma. Tangawizi ikaongeza nyuzi, na hata iliki peke yake ingeacha harufu ambayo ungeinywa mwezi mzima. Mtu wa Nairobi hakosei hivyo kwa sababu tu hajui kukaanga buni kwa samli. Korane angeyajua haya kama angesoma karatasi iliyokuja na bidhaa yake.

Kwa hiyo kuanzia sasa sufuria ziwe mbili. Ya samli ibaki kama ilivyo, ya kutafuna na kujipaka, mkononi mwa mama mkwe wako. Ya pili kaanga kavu, acha ipoe kabisa, ndipo usage. Anayetaka samli aitie kikombeni.

Sasa uchaguzi. Ya umeme iache, na si kwa sababu ya umeme tu. Visu havisagi, vinakatakata. Utapata vumbi na vipande katika chombo kimoja, vumbi litatoa uchungu na vipande vitatoa maji ya rangi. Korane amtafute ofisa wake alikohamishiwa.

Ile nzito ni mashine ya mahindi. Itasaga kahawa, lakini kwa chenga kubwa, na hukuniambia una meza. Wanawake mnaokaa mkekani hamna ukingo wa kufungia skrubu. Uzito wa chuma usikutie kishawishi cha kulipa mara mbili.

Nunua kisanduku. Unakibana kati ya magoti, unasaga ukiwa umekaa, na kwa nyumba nne kinatosha. Lakini usikinunue kwa kukitazama. Mwambie Korane akifungue ukiwa hapo hapo na afute tope lote la samli. Meno yawe ya chuma cha kusubu, mazito, yenye ncha unazozihisi kwa kidole. Kama ni bati lililokunjwa, mrudishie, litakwisha kabla ya mvua nyingine. Shika mhimili wa katikati uutikise: ukicheza kushoto na kulia, unga hautakuwa sawa. Tafuta nati ya kukaza na kulegeza meno, na hakikisha inakaa ilipowekwa baada ya kuzungusha mpini. Mwisho, nenda na konzi ya buni yako uliyokaanga kavu, isage dukani mbele ya wale wale walioona ukirudisha tope, na usugue unga kati ya vidole. Ukiwa sawasawa kama mchanga laini, umepata. Na kwa kuwa ni kile kile kilichokwisha kutumika, hakiuzwi tena kwa bei ya kitu kipya. Mwambie hivyo.

Usikioshe kwa maji, kitapata kutu. Futa kwa kitambaa kikavu, na kikianza kunuka, saga mchele kidogo uliovunjika kisha uumwage.

Umeniuliza kama ulimkosea Mzee Dagane. Ndiyo. Si kwa uliyosema kuhusu koplo, bali kwa kumpa mzee mwenye watoto mzigo wa kuubeba hadi kwenye bunduki. Kama una maneno ya koplo, mwambie koplo. Kama huwezi kumwambia, ujue ni kwa nini Dagane naye hawezi. Mpelekee kikombe cha kwanza cha mashine mpya na mwambie samahani kwa sentensi moja. Fatumo naye aambiwe kwamba ukuta una pande mbili.

Mumeo si mwoga. Koplo akikasirika hatakuchukua wewe, atamchukua yeye, na yeye ameshampoteza ndugu mmoja. "Liwalo na liwe" ni neno rahisi kwa asiyekuwa wa kwanza kufungwa. Kutwanga gizani acha. Tena acha leo, kabla hujapata mashine. Siku chache za kutafuna buni bila kunywa hazitamzika mtu, na dua haihitaji kikombe.

Lakini sikuambii ukifiche kinu. Soma tena ulichoniandikia. Amri uliyoletewa ni ya kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya hapo hakuna aliyekukataza kitu, na usiende kuuliza. Nimekaa katika mikutano mingi ya maofisa nikiandika kumbukumbu zao, na aliyeomba ruhusa ya jambo lisilokatazwa ndiye niliyemwona akitoka amekatazwa. Na kazi ya kinu ipo. Tangawizi na iliki haziingii kwenye mashine, nimekwisha kukuambia, kwa hiyo lazima zitwangwe. Zitwange mchana kweupe, katikati ya ua, kwa nguvu zako zote, za kesho na za keshokutwa. Koplo akipita, aone mwanamke anatwanga tangawizi. Hiyo hata yeye hataweza kuiita ishara mbele ya wenzake.

Na haya mwambie mama Abshiro, polepole, au mpe mtu mwingine amsomee kama sauti yako itakusaliti. Mimi sijui Nunow yuko wapi, na sitajifanya najua. Ninachojua ni barabara zilivyo mwaka huu. Mtu mwenye akili haingii Garissa gizani, kwa sababu doria haimwulizi jina kwanza. Kama mwanawe yu hai na anarudi, atalala nje ya mji akingoja kuche. Kinu cha alfajiri kingemwita atembee saa mbaya kuliko zote. Cha mchana kitamwita saa ambayo anaweza kufika. Kama mama anataka kijana akisikie kinu cha nyumbani kwao, atake akisikie akiwa salama.

Kusaga kimyakimya si kumtii koplo. Yeye alitaka usiku wenu uwe mtupu. Mtakuwa mmeketi mkekani ndani ya uzio wenu, mmoja anazungusha mpini, mwingine anakaanga, mama Abshiro anaomba dua na jina la mwanawe linatajwa. Harufu ya buni itavuka miiba na kumfikia koplo huko anakosimama na bunduki yake, na hakuna amri iliyoandikwa juu ya harufu.

Gazeti hili litawafikia kwa msafara wa malori Jumamosi. Jumatatu tarehe 14 Novemba nenda kwa Korane na konzi yako ya buni kavu. Jumanne tarehe 15 saga alfajiri, kunyweni, ombeni. Ikifika saa kumi na mbili, toa kinu nje.