Kompyuta Iliyokataa Kuwaka Bila Mimi

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hujasoma mbele, kaa vizuri kwenye kiti, maana anayekuandikia si yule mjomba uliyemwacha akifunga vitasa vya milango. Siku hizi nikikohoa tu, kompyuta za mtaa mzima hunyamaza zisikie nitasema nini. Lakini salamu kwanza. Hujambo? Masomo yanaingia? Kile kikohozi kiliisha? Sisi huku tu wazima. Mama yako mzima, na ulimi wake mzima zaidi. Mimi ni goti tu, kwa kuitwaitwa huku na huko.

Sasa sikiliza. Unaijua ile kompyuta uliyomwachia mama yako dukani, inayoendesha mashine ya kudarizi. Ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunyoa ndevu, ukarudi, ukaikuta bado inajinyoosha. Fundi simu wa jirani, yule tunayemwita Bisibisi, akanidokeza kwamba upo mfumo mwingine, wa bure na mwepesi, ambao unaweza kuwekwa pamoja na ule wa zamani, ikaishi mifumo miwili kama wake wenza, kila mmoja na chumba chake. Akanipa flashi yenye huo mfumo, akasema Jumamosi atakuja kuuweka mwenyewe. Nikamwambia asijisumbue. Mtu aliyefunga vitasa vya benki nzima huku amefumba macho ashindwe na kisanduku cha plastiki?

Mama yako alikuwa ametoka kununua nyuzi. Nikaketi. Kompyuta ikauliza maswali, nami nikaijibu harakaharaka, ndiyo, endelea, ndiyo, endelea, mpaka ikachoka kuuliza. Diski nikaigawa kama mkate. Ilipojiwasha upya ikatokea orodha safi kabisa: chagua mfumo mpya, chagua wa zamani. Nikachagua wa zamani, nikakuta michoro yote ya mama yako ipo. Wapita njia walisimama dirishani wakapiga makofi, ingawa muuza viatu wa pembeni anadai walikuwa wanaua mbu. Nikaizima, nikachomoa flashi, nikaitia mfukoni, nikaenda zangu nikitembea katikati ya barabara.

Hata sijavua viatu, simu ikaita. Mama yako. Skrini nyeusi tii, na maneno meupe machache yanayosema hakuna cha kuwashia. Na humo ndani, mpwa wangu, ndimo zilimokuwa nembo za sare za ile shule ya wasichana, kazi yao ya kwanza kwake, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alikuwa ameshasema zikichelewa kazi inavuka barabara kwenda duka la pili. Nilifika nikihema. Nilimkuta amesimama na mkasi mkononi. Akasema taratibu, na unajua mama yako akisema taratibu:

“Kaka, hiyo kazi nimeihangaikia tangu mwaka juzi. Michoro yangu ikipotea, usinisalimie tena.”

Nikachomeka flashi ili nianze upya. Nikabonyeza kitufe. Orodha hiyo, mfumo wa zamani huo! Mama yako akakaa chini. Nikamweleza kwamba mashine hizi humjua bwana wake, nikachomoa flashi, nikaondoka. Alipoizima na kuiwasha tena, giza. Nikarudi na flashi yangu, ikawaka. Nikaondoka, ikafa. Wateja wakaanza kusema kompyuta inanitaka mimi. Muuza viatu akaniletea redio yake mbovu niiguse. Sikumkatalia. Niliigusa, ikashika stesheni ambayo haijapata kusikika upande huu.

Lakini mama yako hakuwa na muda wa miujiza. Alisema nikae hapohapo au niitengeneze. Hapo akili yangu ikanguruma kama jenereta. Nilimpigia Bisibisi, naye akaongeza neno moja mawili: je, imewahi kuwaka flashi ikiwa nje? Haijawahi. Basi kumbe kile kipande kidogo cha programu kinachoamka kwanza na kuionyesha kompyuta mifumo iko wapi, katika yale maswali nilikiweka kwenye flashi badala ya diski ya ndani. Nilijenga nyumba vizuri, halafu nikawa natembea na mlango mfukoni.

Bisibisi hakuweza kuja, simu ya mteja ilikuwa imetapakaa mezani kwake. Nikaingia mfumo mpya, akanielekeza jinsi ya kufungua dirisha jeusi la kuandikia amri, ili kile kipande kihamie diski ya ndani, akawa ananisomea herufi moja moja kwa simu, nami nachapa kwa kidole kimoja, mama yako ananipumulia shingoni. Nilipomaliza nilichomoa flashi nikampa yeye aishike. Nikazima. Nikawasha. Nakuambia, hata mbu wa muuza viatu walitulia.

Ikawaka.

Mashine ya kudarizi ikaanza kugonga, nembo ya kwanza ikatoka na nyuzi zake za kijani, na mama yako akacheka mpaka akanichapa bega kwa rula. Nembo zilifika shuleni kabla ya wasichana. Mwalimu mkuu ameshaagiza na za timu ya mpira wa wavu.

Sasa jambo dogo, lako peke yako. Katika yale maswali, la kwanza kabisa lilikuwa la lugha, nami kwa haraka zangu nilibonyeza iliyokuwa juu kabisa. Huo mfumo mpya nilioutangazia mtaa mzima unaongea lugha ambayo siijui hata herufi. Kinachosomeka ni saa tu. Wateja wakija naufungua, nateremsha kurasa, natikisa kichwa na kusema “aha”. Mama yako anadhani hiyo ndiyo lugha ya kompyuta zote, na ananiheshimu kwa kuijua. Tafadhali niandikie ni wapi pa kubonyeza ili ibadilike, na juu ya bahasha uweke jina langu, si la duka.

Mama yako anakusalimu sana, anasema ule vizuri na ulale mapema. Nami nakuombea heri katika mitihani.

Ni mimi mjomba wako,
Mkuu wa Mifumo Yote Miwili