Honi Tatu Juu ya Korongo

Kasongo

Yaya Aziza, dada yangu mukubwa,

Salamu zangu zikukute umeketi, tena mahali penye kivuli, maana barua hii haisomwi mutu amesimama. Mugongo wako unaendeleaje huko Kindu? Na shemeji, na watoto? Mwambie Rehema mujomba wake hajamusahau. Huku tunapumua tu. Mama iko, anakula kidogo. Chadia, mujane wa ndugu yetu Amisi, anashika kazi tangu alfajiri ili asikae na mutu wa kumuuliza neno. Mimi sijapanda muchikichi hata mumoja tangu tumuzike Amisi. Nikiuona mukanda wangu wa kupandia pale ukutani, ninageuza uso.

Siku ile uliniuliza habari zote kwa simu, mutandao ukakatika, nami nikafurahi. Nisamehe. Sasa nakueleza kwa utaratibu.

Unajua ndugu yetu alitoka hapa na pikipiki yake, amepakia chumvi na sabuni za kupeleka Salamabila. Pale kwenye korongo, kabla hujafika Wamaza, magogo ya daraja yalikuwa yameoza. Mama mumoja aliyekuwa anaenda shambani ndiye aliyeona gogo limevunjika, na chini kabisa, kwenye muti uliotokeza mwambani, jaketi yake nyekundu inaning'inia. Tulifika kesho yake: mimi na motari wenzake wawili, waendesha pikipiki kama yeye, Roger na Dady. Tukaita jina lake mpaka koo zikakauka. Maporomoko ya pale yanameza sauti ya mutu. Wenyeji wakatuambia tusijisumbue, kwamba pale hata mbuzi akianguka hawamuhesabu tena. Tukakubali, yaya. Tukakaa chini barabarani tukamulilia.

Lakini kumuacha huko? Mutoto wa Kiislamu alale majini bila kuoshwa wala sanda? Na motari nao wana sheria yao, mwenzao haachwi njiani. Roger akaapa kwa jina la Bikira Maria kwamba atateremka yeye mwenyewe kumubeba. Nikamwambia wewe Roger, kupanda tu juu ya paa kunakutetemesha, utateremka wapi? Akanikasirikia sana, halafu akaniomba nimufundishe.

Ndiyo tukabaki kijijini pale. Muchuuzi mumoja alituazima kamba ya lori, nami nikatuma watu waniletee mikanda yetu ya kupandia michikichi. Nyuma ya nyumba za watu kuna ukuta wa mwamba wenye kuvuja maji, nikawapeleka pale asubuhi mpaka jua linazama. Ee yaya, kama si msiba ungecheka! Mutu anayepita juu ya gogo moja amebeba abiria watatu na kitanda, ukimuning'iniza kwenye kamba analia kama mutoto anayenyolewa. Roger akiogopa, mukono unasokota kamba kana kwamba anaongeza gesi ya pikipiki. Nikamwambia hakuna gesi hapa, legeza kidogo, kamba ikupite kiunoni. Dady alikataa kuvua mabuti yake, yakajaa maji, akawa muzito kuliko gunia la muhogo. Niliwafundisha kuegemea nyuma, kukanyaga mwamba kwa unyayo muzima, kungoja mutu wa juu ajibu kabla hawajasogea. Niliwarudisha mwanzo, na tena mwanzo.

Walichoka na mimi. Roger alisema wako tayari, twende. Nikasema bado. Imamu alituma neno kutoka Kasongo kwamba maiti ya Muislamu haicheleweshwi. Nikamujibu kwa heshima kwamba sitaki kuzika watatu mahali pa mumoja, na kwamba Amisi hana haraka tena.

Nilisema hivyo, yaya. Kwa kinywa changu.

Kila jioni, tukimaliza mazoezi, Dady na Roger walisukuma pikipiki zao mpaka ukingoni mwa korongo na kupiga honi tatu. Hiyo ndiyo heshima ya motari kwa mwenzao aliyekufa. Na kila zikilia, upepo ukiwa umetulia, kutoka chini tulisikia ko, ko, ko. Roger alisema ni magogo ya daraja yanagongana majini. Mimi pia niliona hivyo. Jioni ya mwisho walipiga honi, chini kukawa kimya, na Dady akasema labda lile gogo limeshachukuliwa na maji.

Asubuhi yake nikasema sasa mumejua, tunateremka. Nilitangulia mimi. Wao waliteremka vizuri, hakuna aliyechubuka hata kidole, watu wote huku wananisifu juu ya hiyo. Mama mwenyewe ananisifu.

Kwa simu, kabla mutandao haujakatika, uliniuliza kama Amisi aliteseka. Nilikujibu hapana, alikufa palepale alipoanguka. Nilikudanganya.

Nilimukuta ameketi, yaya. Ameketi chini ya jiwe kubwa, mahali ambapo maji hayafiki. Muguu wake uliovunjika ulikuwa umefungwa kwa vijiti na mukono wa shati lake. Kaske yake, kofia ngumu ya pikipiki, ilikuwa mapajani, imebonyea na kupasuka upande mumoja, na mukononi ameshika jiwe. Nilimugusa shingo. Mwili ulikuwa bado haujakakamaa.

Alikuwa anatujibu.

Sikulia. Roger alikuwa ameshaanza kuteremka juu yangu, nikasikia anaita kwa utaratibu kama nilivyomufundisha, anangoja nijibu. Nilimutoa Amisi jiwe mukononi. Nilitupa kaske kwenye maji. Nilifungua vile vijiti, nikamulaza chini kama mutu aliyeanguka, halafu ndipo nikajibu kwamba njia iko salama, ateremke. Alipofika nikamwambia alikufa siku ileile, na Roger akashukuru Mungu kwa sauti.

Sina mutu wa kumwambia hapa ila wewe. Mama akimaliza sala anasema alhamdulillahi, mwanangu hakuhisi kitu. Nitamwambiaje? Chadia ananiangalia na mimi ninaangalia chini. Kama ningewashusha siku ile waliposema wako tayari! Hata kama wangeumia.

Sasa arobaini inakaribia. Motari wote wa Kasongo wameahidi kuja mpaka uwanjani kwetu na kumupigia Amisi honi tatu kwa pamoja. Mama anazingoja kwa fahari. Yaya, mimi nitasimama wapi? Hata sasa pikipiki ikilia honi barabarani, ninatega sikio chini. Wewe ni mukubwa wetu, neno lako linasikilizwa. Njoo mapema uwakataze. Sema Mama ana presha, sema dini hairuhusu, sema chochote, ila kweli usiwaambie. Roger na Dady walipiga zile honi kwa mapendo, waache wabaki nayo.

Musalimie shemeji na watoto. Mwenyezi Mungu akupe afya ya kusafiri. Na siku utakayofika, mwambie dereva azime pikipiki kule kwenye kona, usimuruhusu apige honi. Uje kwa miguu. Mimi nitakuwa mulangoni.

Ni mimi mudogo wako,
Kamaldine