Miraa ya Kirimi

Alhamisi, 10 Julai

Sketi sita za shule, zipu nne. Baridi imeingia kwenye vidole. Jioni nimefunga cherehani Makutano, nikapita Majengo kwa nyama. Salim mwenye bucha amenipimia nusu kilo, akaongeza mfupa, akaniita mrembo. Miaka mitano ananiongezea mfupa. Miaka mitano natembea hadi chumbani nikitabasamu kama mjinga. Nina arobaini na moja.

Jumamosi, 12 Julai

Baba amepiga simu kutoka Kiirua. Wazee wa Kirimi wameleta miraa ya posa, imefungwa kwa majani ya mgomba inavyotakiwa. Baba akiifungua na kutafuna, nimekubali. Akiirudisha, nimekataa. Hataki kunichagulia, anasema mimi si msichana tena. "Lakini usikawie. Miraa haingoji mtu. Ikikauka mezani kwangu, ni kama tumemtemea mate."

Kirimi analima viazi. Alifiwa na mke. Mwaka jana alikaa siku nzima akinitengenezea cherehani, akakataa malipo. Mtu mzuri. Nikimwona, moyo haushtuki. Nimechoka na huu moyo.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani sikwenda. Nimekwenda buchani. Nimemwambia Salim wazi kwamba nimeposwa. Nilitaka aweke kisu chini.

"Hongera, dada. Nusu ama kilo?"

Dada.

Ningempigia Baba pale pale, aifungue miraa. Sikupiga. Nikajidanganya kwamba Salim ameshtuka tu, atakuja jioni. Nikapiga deki. Nikafua vitambaa vya viti. Nikapika chai ya watu wawili. Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuja. Saa sita mchana nimempigia Baba, nikamwambia afungue.

 Baba amesema Kirimi alipita asubuhi. Aliona kitita mezani, majani yamekunjamana, fundo halijaguswa.  Alikunywa chai, akamsaidia Baba kumfunga ng'ombe, akaondoka na miraa yake.

Nimempigia Kirimi mwenyewe. Ameongea kwa heshima, amesema hakuna ubaya, ameuliza kama cherehani bado inafanya kazi. Heri angenitukana.

Marehemu mama alizoea kusema, mpende akupendaye. Nilidhani ni maneno ya kuwafariji waliokosa. Kumbe ni kazi, na mimi sikuifanya. Nimelia, na sijui kama namlilia Kirimi au najililia.

Ijumaa, 18 Julai

Sweta mbili, suruali moja. Manyunyu tangu asubuhi.

Nilikuwa nimeamua kununua nyama bucha ya juu, karibu na msikiti. Nimefika hadi mlangoni pake. Nimegeuka.

Salim amepima nusu kilo. Hakuuliza habari za posa. Ameongeza mfupa, akaniita mrembo.

Nimeupokea.