Kasuku Hakukubeba

Barasa, bakoki wangu,

Nimekaa ndani ya lori letu Kasuku nakuandikia, mlango wazi, miguu nje, vile ulivyokuwa unanikataza ati naziba njia ya watu wa gereji. Sasa hakuna wa kunikataza. Gereji yako hapa Kitale imepangishwa fundi wa baiskeli, na ule ukuta uliokuwa unapangusia mikono yenye grisi wameupaka rangi nyeupe. Niliuona nikageuza uso. Ukuta tu, bana, lakini nililia mchana kweupe, watu wakipita.

Wanasema mimi Wanjala nimekuwa mkali siku hizi. Si uongo. Mtu akiniuliza asubuhi habari ya kazi, nataka kumjibu, kazi gani, na fundi wangu yuko chini ya udongo? Tulitahiriwa asubuhi moja, wewe na mimi, ndiyo maana tunaitana bakoki. Wewe hata kope hukupepesa. Mimi goti langu lilicheza kidogo, kidogo tu, na miaka yote hiyo hukunisamehe hilo goti. Hata ukiwa kwenye kitanda cha hospitali, pumzi zikikukatika, ulimwambia nesi, "Muone huyu, huyu ndiye yule wa goti." Nani atanitania sasa? Wengine wote wananiita mzee.

Unakumbuka tulivyokubaliana? Ulikuwa umelala chali chini ya lori, nakuona viatu tu, ukasema, "Wanjala, atakayetangulia, mwenzake amrudishe nyumbani na Kasuku." Nikakujibu kwamba nyinyi mafundi hamfi, mnapata kutu tu. Ulicheka ukagonga kichwa kwenye ekseli, ukanitukana. Lakini tulikubaliana. Mimi nililishika neno lile.

Sasa nikuambie vile ilikuwa, kwa sababu wewe hukuona.

Lori uliliacha juu ya mawe. Ulikuwa umefungua kile kifundo cha usukani cha upande wa kulia, kile kinachounganisha fimbo ya usukani na mkono wa gurudumu, maana kilikuwa kimelegea hivi kwamba nikikata kona, Kasuku anafikiria kwanza. Cha zamani ukakitupa kwenye rundo la vyuma chakavu, na wanunuzi wa vyuma wakalizoa rundo lote. Kisha kifua kikakubana. Ukashika ukuta ukaniambia, "Nenda dukani uulizie cha lori hili. Nikitoka hospitali nakifunga." Hukutoka. Jumatano ukaenda zako.

Kaka yako Wekesa alipotangaza kwamba mazishi ni Jumamosi, nilisimama mbele ya wazee nikasema mwili nitaupeleka mimi. Hakuna aliyebisha. Mke wako Mama Nekesa akaniambia, "Sawa, shemeji. Ndivyo alivyotaka."

Nikaenda dukani. Nikataja aina ya lori, nikapewa kifundo cha kuigiza, si cha kiwandani, na mwenye duka akaapa kwa mama yake kwamba kitaingia. Jirani yako fundi Juma akajitosa chini ya lori. Ule mguu wa kifundo, uliochongoka kama karoti, ukaingia kwenye tundu la mkono wa gurudumu na kuzama kupita kiasi. Nati ikakazwa mpaka ikagota, na kifundo bado kinacheza. Kile kitundu cha kupitishia pini, ile inayozuia nati isijifungue njiani, kikabaki nje ya nati kabisa, pini haina cha kushika. Nikakirudisha, nikapewa kingine. Yale yale. Nikaenda duka la pili. Chao kilikuwa kinene, hata nusu hakikuingia. Jina la lori liko kwenye boneti, jina lile lile liko kwenye boksi la spea, na vitu vyenyewe vinakataana! Nilipiga gurudumu teke, nikaumia mimi.

Juma akasema tukate bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, tuuzungushie ule mguu wa kifundo cha kwanza, ukaze. "Safari ni moja tu, bana. Na unabeba maiti, si abiria."

Maiti! Nilitaka kumzaba kofi. Nyuma ya jeneza si wangekaa akina mama wa kanisa na nyimbo zao, na watoto wako? Na ile barabara ya kupanda kwenu kutoka Kimilili tunaijua, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili unaangalia ndizi za watu kutoka juu. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia, "Breki ikikataa, utatafuta ukingo uegemee. Usukani ukikataa, utatafuta nini?" Nikawaambia bati halitaingia kwa usukani huu. Wekesa akainuka, akasema watu wote wakisikia, "Basi sema tu hutaki kumpeleka."

Mimi, Barasa. Mimi nisitake kukupeleka.

Jumamosi alfajiri niliingia chini ya lori mwenyewe na kitambaa chenye mafuta ya taa. Nikasugua ule mkono wa gurudumu mpaka grisi ya miaka ikatoka. Chini yake nikaona herufi zimeumbwa kwenye chuma, na herufi hizo si za kampuni iliyounda Kasuku. Nikabaki nimeduwaa. Ndipo nikakumbuka mwaka ule wa themanini na nne, tulipogonga jiwe tukitoka Cheptais na mkono ukavunjika. Ulikwenda Bungoma ukafungua mkono wa lori la aina nyingine lililokuwa limeanguka, ukaupiga tupa siku nzima, ukaufunga, ukajipongeza mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa nimesinzia. Hukumwambia mtu mwingine, nami nikasahau. Ulikuwa ukienda dukani mwenyewe na kuchukua kinachofaa, mkono wako ukijua. Na siku ile umeshika ukuta, maumivu yamekushika, ukanituma kwa jina la Kasuku. Ulisahau. Ulikuwa umemtengeneza mpaka ukaona ni kitu kimoja. Nilicheka peke yangu kule chini, halafu kicheko kikageuka.

Nikaufungua mkono wote, nikautia kwenye gunia, nikamwambia Wekesa aningoje mpaka saa sita. Nikashika njia ya Bungoma kwa matatu, gunia langu mapajani. Muuza spea wa kule hakuelewa kwa nini mtu mzima anatokwa na machozi akijaribisha kifundo cha kuigiza. Kiliingia! Kilikaa, kikakaza, na kitundu cha pini kikaja sawa na meno ya nati. Nilikibusu, na grisi yake yote.

Kurudi Kitale, saa sita imeshapita, Juma akanisaidia. Tukafunga, tukapitisha pini, tukaikunja, tukavuta kamba kupima magurudumu kama yametazama mbele. Nyuma nilikuwa nimefagia, nikatandaza nyasi kavu ili usitikisike. Nikafika mochari. Mlinzi akaniambia, "Wamengoja wakachoka. Wazee wameona wingu, wamekodi pikapu."

Barasa, nilipanda kwenu na lori tupu. Usukani ulikuwa mwepesi, unatii kila nikiugusa, nami naona jinsi ulivyo sawa na najiuliza sawa ya nini sasa. Kila nikiangalia nyuma naona zile nyasi tu. Baada ya Kamukuywa nilikuwa naongea na wewe kwa sauti, nakuambia ngoja, ngoja kidogo, nakuja. Wewe mwenyewe hukuwahi kungoja mtu.

Nilifika vijana wanaosha majembe. Udongo ulikuwa umeinuka tayari. Watu wakanipisha. Mama Nekesa akaja, akanishika mkono, akasema, "Tulikungoja, shemeji. Tulisimama na jeneza mpaka matone yakaanza." Angenitukana ningepata nafuu. Nilipiga magoti kwenye ule udongo nikakuita kwa jina, na nikalia vile wanaume wa kwetu hawalii. Wacha waseme.

Mvua ikashuka yote. Ile pikapu ikateleza, ikakataa kutoka langoni. Kwa hiyo akina mama wa kanisa, watoto, wageni wa Kitale, wote wakapanda Kasuku, wakakalia nyasi zako. Wekesa akaketi kando yangu, amenuna. Kwenye ile kona mbaya gurudumu la kulia likaangukia shimo, kishindo, akina mama wakalia "Yesu!" Usukani ukanirudia mikononi, nikanyoosha, tukapita. Tulipofika Kimilili, Wekesa alishuka, akazunguka mpaka dirisha langu, akaweka mkono wake juu ya wangu.

Niliwabeba wote, Barasa. Wewe peke yako ndiye sikukubeba. Ninalala nalo, naamka nalo.

Mama Nekesa yuko, anajikaza. Nekesa ameanza kucheka tena, na kicheko ni chako, nikikisikia natoka nje. Kaburi lako bado ni udongo tu na msalaba wa mbao. Juzi Wekesa aliniambia familia imekubaliana kulijengea baada ya mavuno, na kwamba anatafuta gari la kupandisha saruji na kokoto. Nilimwambia akithubutu kukodi gari lingine, undugu umekwisha.

Kwa hiyo tulia hapo ulipo. Mchanga, kokoto, saruji, maji ya kukorogea, vyote vitapanda na Kasuku, na dereva ni mimi. Sitampa mtu mwingine usukani siku hiyo, na sitakubali mtu anisaidie kushusha. Mfuko kwa mfuko nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni pako.

Lala, fundi wangu. Nakuja na mzigo wako.

Wanjala