Kesho Shule Ipo?

Jumapili, 4 Mei

Mwalimu Mkuu Gozbert kaondoka alfajiri kwenda Bukoba, kumzika shangazi yake. Kaniachia funguo, mhuri na maneno: Mwalimu Sekela, shule ni yako mpaka tarehe kumi na tano. Mie! Msaidizi wa karatasi, wa kusaini mahudhurio na kugombana na wauza ubuyu getini. Leo ndio kaimu.

Redioni wametangaza mvua kubwa kuanzia Jumanne. Tangu hapo grupu la wazazi halipumui. Mwalimu, Jumanne shule ipo? Madam, shule ipo? Jamani, shule ipo? Meseji sitini na mbili, swali moja. Nilikuwaga mtoto Tukuyu, mvua inanyesha wiki nzima na hakuna anayeuliza — unakata jani la mgomba, unajifunika, unakwenda.

Lakini kwetu hakukuwa na kidaraja kile. Mbao nne juu ya mto, na kamba ya kushikia upande mmoja. Watoto thelathini na mmoja wanavuka hapo kila asubuhi kuja kwangu. Sie tunawaita watoto wa ng'ambo.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefunga. Nimempigia Afisa Elimu Kata mara tatu, hapokei. Nikasema potelea mbali! Nikaandika kwenye grupu: kesho hakuna shule kwa sababu ya mvua, watoto wabaki nyumbani. Nikagonga mhuri kwenye tangazo, mzee Stanley mlinzi akalibandika getini.

Stanley kaangalia juu, kasema mawingu haya ni ya kupita. Nimemjibu alinde geti, mawingu aniachie mie. Nilikuwa mkali bure. Shikamoo yangu ya kuondokea kaiitikia kwa mguno.

Jumanne, 6 Mei

Jua! Jua la kuanika mpunga. Mtaa mzima umefua. Hata mie nimefua mapazia, kwa hasira.

Kwenye grupu kuna mtu kaweka picha ya dagaa wameanikwa kwenye mkeka, chini yake kaandika: mafuriko ya Madam Sekela. Nimecheka. Kisha nikazima simu.

Jumatano, 7 Mei

Mama Zuena kaja ofisini. Ni Bi Mwanakombo, anauza supu Vingunguti, karibu na machinjio. Huwa anatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Zuena, wa darasa la pili, anajiandaa mwenyewe, anakuja shule na wenzake wa ng'ambo. Jana shule imefungwa. Amwache na nani? Akaenda naye gengeni. Sufuria likayumba. Mkono wa kushoto wa mtoto, kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo — supu ya moto.

Nilijiandaa kutukanwa. Bora angenitukana. Kasema taratibu tu: Mwalimu, mie sehemu ya kumweka mwanangu ni hapa kwako. Nyingine sina. Siku ukifunga, uniambie na pa kumweka. Kisha kaniaga vizuri, kachukua ndoo yake ya buluu, kaenda.

Nimejifungia stoo ya chaki nikalia. Nilifunga kwa kuogopa mto. Sufuria sikuliwaza hata kidogo. Unamkinga mtoto huku, anaumia kule! Hii kazi nani aliniambia niisomee?

Saa tisa, barua. Afisa Elimu Kata anataka nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nimefunga shule bila kibali. Simu tatu hakupokea, lakini barua imekuja na pikipiki.

Alhamisi, 8 Mei

Mawingu. Hakuna mvua. Sina la kuandika, nina aibu tu.

Ijumaa, 9 Mei

Leo zoezi la dharura. Nimekaa na Madam Loveness, mwalimu wa zamu, tukapanga hivi: siku ya mvua kubwa watoto wa ng'ambo hawaondoki na kengele ya kwenda nyumbani. Wanapanda jengo la juu, lile la mwinukoni, darasa la saba, wanakaa humo mpaka mzazi afike mwenyewe au mto ushuke. Asipewe mtu baki.

Basi. Kengele yetu ni rimu ya lori, inaning'inia kwenye mwarobaini. Nimemwambia Stanley aigonge harakaharaka, ndio iwe ishara ya hatari. Kagonga. Shule nzima imekimbilia jikoni na vikombe! Kumbe harakaharaka ndio kengele ya uji, miaka nenda miaka rudi. Na mie nakunywa uji huohuo mwaka wa sita sasa, sikukumbuka! Loveness kacheka mpaka kakaa chini. Eti Madam, mafuriko yakija tutawakuta wote jikoni wamekufa wameshiba. Nikamwambia ashike adabu yake, lakini nilikuwa nacheka na mie.

Nimenunua filimbi ya refa. Mipulizo mitatu mirefu, jengo la juu. Mara ya pili wamepanda kwa dakika nne, hakuna aliyeanguka. Nimewahesabu. Thelathini. Zuena yuko nyumbani na mkono wake.

Jumamosi, 10 Mei

Barua ya kujieleza. Nimeandika "kwa heshima na taadhima" mara nne, nimechana mara nne. Nijieleze nini? Niliogopa. Hayo ndiyo maelezo yote.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya kanisa nimekwenda kumwona Zuena, na machungwa. Nimevuka kidaraja kwa mara ya kwanza! Miaka sita shule hii na sijawahi kufika ng'ambo. Mto wenyewe leo ni wa kuosha miguu, maji yanaonyesha kokoto, lakini mbao zinacheza. Nimeshika kamba kwa mikono miwili, sketi ikabaki kujitunza yenyewe. Zuena alikuja kunipokea upande wa pili. Kaniona nimekwama katikati, kanifuata akanipa mkono — ule mzima — akaniongoza hatua kwa hatua. Usiangalie chini, Mwalimu. Mtoto wa miaka minane!

Mama yake kanikaribisha vizuri, kanipa supu. Nimeinywa. Kila kijiko kilikuwa kinanikumbusha. Nikamwambia Mama Zuena, nisamehe. Kasema mie nawe wote tunahangaika na mtoto huyohuyo, tusameheane mara ngapi? Kisha kaniongezea ndimu.

Nilipokuwa natoka Zuena kauliza, Mwalimu, kesho shule ipo?

Ipo.

Usiifunge tena, kasema. Gengeni kuna moshi.

Jumatatu, 12 Mei

Redioni tena. Mvua kubwa, kesho. Grupu: shule ipo? shule ipo? Na yule wa dagaa kauliza kama aanike au aanue.

Afisa leo kapokea. Kasema subiri maelekezo. Nikauliza yanakuja saa ngapi, kasema yakija utayaona. Mwalimu Mkuu nimempata kwa shida, mtandao unakatikakatika, watu wanaimba nyimbo za msiba nyuma yake. Nilichosikia ni: Sekela, usifanye kitu. Labda alisema usifanye kitu peke yako. Labda usifanye kitu mpaka nipige. Simu ikakatika.

Saa moja jioni maelekezo hayajaja. Nimefikiria mto. Nimefikiria sufuria. Nimefikiria na barua, nisijidanganye, barua nimeifikiria sana.

Nimeandika: Shule ipo.

Jumanne, 13 Mei

Saa tano asubuhi. Ilianza saa nne kasoro, wakati wa mapumziko. Hii si mvua, ni mtu anamwaga pipa. Bati linapigwa hata sijisikii. Loveness anasema tuwaruhusu wa ng'ambo sasa hivi, kidaraja kingali kinaonekana. Nimemuuliza, huko ng'ambo nani yuko nyumbani? Wazazi wapo Buguruni, Vingunguti, makazini. Watavuka peke yao wakakae vibarazani, milango imefungwa. Na wakifika katikati ya zile mbao wakaogopa, nani atarudi kuwapa mkono?

Nimepuliza filimbi. Tatu. Wamepanda.

Thelathini na mmoja. Zuena kaja leo, mkono umefungwa bendeji nyeupe, begi kavaa bega moja.

Saa nane mchana. Mvua imepungua kidogo. Wa upande huu tumewaachia, wadogo wameshikana mikono na wakubwa, walimu wawili wamewasindikiza mpaka barabarani. Wa ng'ambo hawajatikisika. Mmoja wa darasa la nne kalia anataka kwenda, nimemkalisha mapajani kama mtoto wa chekechea. Hakukataa.

Nimempigia Afisa. Hapokei.

Saa kumi kasoro. Stanley karudi kutoka mtoni, viatu mkononi. Kasimama mlangoni hataki kusema mbele ya watoto. Nimetoka. Kidaraja hakipo. Mbao zote nne zimekwenda, imebaki kamba tu, imenasa kwenye nguzo inapigwa na maji.

Nimeshika ukuta. Thelathini na mmoja, Sekela. Wako ndani. Wote wako ndani. Nimejisemea hivyo kama mara kumi.

Nimemwambia Stanley samahani kwa yale ya mawingu. Kasema yapi? Mzee huyu!

Loveness kakuta unga wa uji jikoni, kapika, hauna sukari. Stanley kagonga rimu harakaharaka. Wamecheka wote! Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Wamekunywa hadi wakakwangua.

Saa kumi na moja. Wazazi wameanza kujaa ng'ambo. Kutoka baraza la jengo la juu tunawaona, wanapunga, wanapaza sauti, maji yanameza yote. Nimeiona ndoo ya buluu. Mama Zuena katoka Vingunguti hivyohivyo, na aproni yake.

Upande wetu wamekuja vijana watatu wa bodaboda. Madam, tupe watoto, tunawavusha begani mmojammoja, sie wenyeji hapa. Si watu wabaya. Mmoja namfahamu, nilimfundisha hesabu. Baba mmoja ng'ambo anafanya ishara: waje! waje! Anapiga kifua, anaashiria bega. Ni baba wa yule wa darasa la nne, na mtoto keshamwona, kashaanza kuvaa viatu.

Nimesema hapana.

Kijana niliyemfundisha kasema Madam, unatuogopesha bure, maji ya kifuani haya. Akaingia mtoni mwenyewe aonyeshe. Hatua ya kwanza kiunoni. Ya pili kifuani. Ya tatu hakuwepo! Jamani! Kaibukia huko chini, kwenye migomba, kang'ang'ania shina, wenzake wamemvuta kwa kamba ya pikipiki. Mzima. Kapoteza kandambili tu. Kakaa chini anakohoa. Baba wa ng'ambo kashusha mikono.

Daftari limelowa pembeni.

Saa kumi na moja na nusu. Afisa kapiga! Ana sauti ya mtu aliyekaa pakavu. Nasikia bado una watoto shuleni saa hizi, Mwalimu Sekela. Kwa maelekezo ya nani?

Nimesema ya kwangu.

Kisha kaniuliza, wangapi? Nikamwambia, na nikamwambia mto umechukua kidaraja, natafuta mtu wa kunisaidia na si wa kunihoji. Kasema ngoja niongee na watu wa zimamoto, usizime simu. Mara hii hakusema subiri maelekezo. Chaji yangu asilimia tisa.

Saa kumi na mbili kasoro. Mvua imeanza upya. Jengo la chini maji yameingia, madawati ya darasa la kwanza yanaelea. Ngazi za jengo la juu ni tano. Maji yamefika ya pili. Asubuhi nilikuwa na uhakika na jengo hili. Sasa naliangalia, nalipapasa kuta.

Mama Zuena kapiga. Nilijua atasema nini, nilishajiandaa kumkatalia na yeye. Kasema: Mwalimu, nimemwona yule kijana. Wangu usimtoe. Akija mtu, hata akisema katumwa na mie, muongo. Nimekaa hapa juu ya ndoo yangu, siondoki. Na wewe usiondoke. Nikasema siondoki, Mama Zuena. Kasema haya basi. Hakuaga. Chaji asilimia nne.

Nimemsimamisha Zuena juu ya meza, dirishani, nikamwambia apunge mkono wenye bendeji, ule mweupe ndio utaonekana mbali. Kapunga. Ng'ambo mama yake kavua kitambaa chake cha kichwa, kakipunga. Watoto wengine wote wamepanda madawati, wanapunga na wao, kila mtu anamtafuta wake.

Nimetoka kuangalia ngazi. Ya tatu imelowa. Sijui ni mvua inayorushwa na upepo au ni mto. Stanley kaweka kipande cha tofali pembeni yake, tuone kama kitafunikwa. Tunakiangalia.

Zuena kanifuata barazani, kanivuta sketi.

Mwalimu, kesho shule ipo?