Saa Kumi na Moja za Sauti ya Mtu Mwingine

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia mbele za watu. Jina sikutaji, ukifika kwenye kanga utajijua.

Kile kitabu cha kusikiliza ulichonitumia nimekimaliza. Sura thelathini na mbili, saa kumi na moja na dakika arobaini, hapahapa Mapinga nikifyatua matofali, simu nimeichomeka kwenye kilemba.

Sura sita nzima nilidhani mpenzi wa yule fundi saa anayesimulia ni mwanamke. Msomaji anasema "yeye", anasema "kipenzi changu", na Kiswahili chetu hakikwambii zaidi. Nilishamvisha gauni. Sura ya saba akanyoa ndevu. Nikaacha kazi, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Ndevu.

Ndipo nikakukumbuka. Miaka minne "mwenzangu anaumwa", "mwenzangu kapika", nami nakuuliza, "Wifi yangu utamleta lini?" Unacheka: "Dada nawe, kwa haraka." Sikukuu mbili nikampelekea doti ya kanga. Ulipokea, ukasema ahsante. Zilivaliwa na nani?

Kitabu kitamu, sikatai. Kuna siku nilifyatua matofali yasiyo na mteja ili nisizime tu. Ila watu wake siwapendi. Mpenzi anasamehe upesi mno, na fundi saa ni mwongo: anamficha dada yake habari za mwenzake, kisha anahama mji bila kuaga, eti anamwepushia dada aibu. Nani alimuuliza dada? Nilimtukana kwa sauti mpaka mteja akasema, "Bi mkubwa, tofali limekukosea nini?"

Na wewe ni hivyohivyo. Tumelala mkeka mmoja, sura yako ya kwanza ya Kurani nimekufundisha mimi, halafu unahama, ufunguo unaniachia kwa jirani. Uliamua jibu langu kabla hujaniuliza. Labda ningekosea. Labda ningepiga kelele wiki nzima, unanijua. Lakini kelele hizo zilikuwa zangu, na wiki ya pili ungenisikia nimenyamaza.

Mengi bado hayajanikaa, sitakudanganya. Lakini umenitumia saa kumi na moja za sauti ya mtu mwingine, ilhali ya kwako ningetosheka na dakika moja.

Piga. Na umwambie shemeji yangu zile doti mbili azirudishe, nimtafutie kikoi.

Ni mimi, dada yako, ambaye hasira haijamwisha.